Chenga Zilikwenda Wapi? King'amuzi, Simu ya Nyumbani na Silabi Moja Ndogo

Sisi tuliokua na televisheni yenye antena juu ya bati tunazikumbuka chenga. Taarifa ya habari ilisomwa katikati ya mvua ya nukta nyeusi na nyeupe. Mtoto mmoja alikuwa nje akizungusha mlingoti, mwingine dirishani akipiga kelele: "Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse tena!" Picha ilikuwa mbaya, lakini ilikuwapo. Hata ikizidi kuchafuka, msomaji wa habari ulimtambua kwa kivuli chake.

Kisha chenga zikatoweka. Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na kila nyumba iliyotaka kuendelea kutazama ikahitaji king'amuzi. Tangu hapo picha ni safi kama kioo, au hakuna picha kabisa. Mvua kubwa ikipiga dishi, sura ya mchezaji inagawanyika vipande vya mraba, inaganda, kisha skrini inakuwa nyeusi.

Mimi si mhandisi. Ni muuguzi. Diploma niliipata nyumbani Tanzania, shahada nikaisomea huku Marekani, na sasa ninafanya kazi kwenye wodi ya wagonjwa wa moyo hapa Texas. Lakini kwenye wodi yetu mapigo ya moyo ya mgonjwa yanasafiri hewani kabla hayajafika machoni kwangu, na mama yangu aliyeko Tanga anatunzwa kwa simu inayosafiri hewani vilevile. Kwa hiyo nimejitahidi kuelewa hicho kinachopita hewani kinasikikaje upande wa pili, na ni lini tukiamini na lini tusikiamini. Nimeandika haya kwa ajili ya familia zinazolea wazazi kwa simu, na kwa vijana wetu wanaotafuta somo la kusomea chuoni.

Kung'amua ni kazi

Waliotupa neno "king'amuzi" walichagua vizuri. Kung'amua ni kutambua jambo lililofichika, na ndicho hasa kifaa kile kinachofanya. Simu yako, kompyuta inayoshika Wi-Fi, na kijisanduku kinachovaliwa na mgonjwa wangu vyote viko katika ukoo huo mmoja.

Katika mfumo wa zamani, kelele za hewani ziliingia ndani ya picha yenyewe na hazikuweza kutenganishwa nayo. Ndizo zile chenga. Katika mfumo wa dijitali, sauti, picha au mapigo ya moyo hugeuzwa kwanza kuwa mfululizo wa sifuri na moja, na kila sifuri au moja huitwa biti. Kipokezi hakijiulizi tena "picha hii ikoje?" Kinajiuliza swali jepesi zaidi, mamilioni ya mara kwa sekunde: "Hii ni sifuri au ni moja?" Kikijibu sawasawa, kelele yote iliyokuja na biti ile inatupwa na hakuna anayeiona.

Ili kujibu sawasawa, kipokezi kina kazi mbili. Ya kwanza ni kwenda sambamba na mrushaji, yaani kujua ujumbe unaanzia wapi na kila biti inaanza lini. Kazi hii huitwa ulandanishi. Ya pili ni kugundua makosa na kuyarekebisha. Kimoja kikishindikana, kingine hakisaidii.

Hodi kwanza

Tuanze na ulandanishi, maana sisi tulioko nje tunaishi nao kila siku.

Dada yangu akiniandikia kwamba mama anameza dawa "saa mbili usiku", ninajua ni saa 20:00 kwa saa za huku. Binti yangu aliyekulia hapa anaposikia "saa mbili" anafikiria usiku wa manane. Wote wawili wanahesabu vizuri. Kinachotofautiana ni mahali hesabu inapoanzia. Ongeza tofauti ya saa 8 kati ya Texas na Tanga wakati wa kiangazi, ambayo inakuwa saa 9 wakati wa baridi, na utaona jinsi watu wawili wenye saa nzuri kabisa wanavyoweza kupishana.

Kipokezi kina tatizo hilohilo. Andika herufi hizi bila nafasi: MAMAKAKADADA. Ukizikata nne nne tangu mwanzo unapata MAMA, KAKA, DADA. Ukichelewa kwa herufi mbili tu unapata MAKA, KADA, na DA inayoning'inia. Hakuna herufi iliyoharibika. Kila herufi imefika salama, lakini ujumbe wote umepotea kwa sababu hukujua pa kuanzia.

Jambo la pili ni kwamba ndani ya kila kifaa kuna kipande cha kioo kinachotetema ili kutunza muda, na hakuna vipande viwili vinavyotetema sawa kabisa. Baadhi ya viwango vya Wi-Fi huruhusu kosa la sehemu 20 katika kila milioni. Saa ya ukutani yenye kosa hilo ingepotea chini ya sekunde 2 kwa siku, na wala usingeona. Lakini kwenye mawimbi yanayotetema mara bilioni 2.4 kwa sekunde, kosa hilohilo linafika mitetemo 48,000 kwa sekunde. Kipokezi kisipolipima na kulifidia, kila kitu kinachofuata ni kelele tupu.

Suluhisho lake mtu wa pwani atalielewa mara moja. Huingii nyumba ya watu ukaanza kusema shida yako. Unapiga hodi, unasubiri, unaitikiwa, ndipo unaeleza. Mrushaji naye hutanguliza hodi: mpangilio wa biti unaojulikana na pande zote mbili, usiobeba habari yoyote. Kwenye aina nyingi za Wi-Fi hodi hiyo huchukua mikrosekunde 16. Ndani yake kuna alama fupi iliyorudiwa mara 10, kisha alama ndefu iliyorudiwa mara 2. Marudio mafupi humwezesha msikilizaji kugundua kwamba kuna mtu mlangoni na kupima haraka tofauti ya mitetemo. Yale marefu humwezesha kupima kwa usahihi zaidi, na kujua jinsi kuta na dari zilivyoibadilisha sauti ya mgeni.

Hodi nzuri haifanani na kitu kingine. Mwaka 1953 mtafiti aitwaye Barker alieleza mipangilio mifupi yenye sifa hiyo. Mmojawapo ni 1110010. Uandike juu ya kipande cha karatasi, uandike tena kwenye kipande cha pili, kisha uteleze kimoja juu ya kingine. Vikikaa sawasawa, biti zote 7 zinalingana. Ukisogeza hata hatua moja, zinazolingana na zisizolingana karibu zinafutana. Kwa hiyo kipokezi kinateleza mpangilio wake juu ya kila kinachosikika hewani, na mahali inapotokea ile 7 ya ghafla, kinajua: ni hapa. Wi-Fi ya kwanza kabisa, ya mwaka 1997, ilitumia mpangilio wa Barker wenye hatua 11.

Kama unataka kuuona ulandanishi kwa macho, tazama msimbo wa QR unaolipia bidhaa au unaosoma menyu ya mgahawa. Zile pembe tatu zenye miraba mikubwa hazibebi bei wala jina. Ni hodi. Zinaiambia kamera juu iko wapi na kusoma kuanzie wapi.

Vizibo ishirini na vitano

Sasa makosa. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kurudia. Badala ya kutuma 1, tuma 111. Ikifika 101, kura za wengi zinasema ilikuwa 1. Inafanya kazi, lakini umelipa mara tatu kwa ujumbe mmoja, na biti mbili zikiharibika pamoja, wengi watakuwa wamekosea.

Njia ya busara zaidi unaweza kuicheza na watoto mezani leo usiku. Chukua vizibo 25 vya soda, au sarafu. Mwambie mtoto apange 16 kwa safu nne na nguzo nne, apendavyo, vingine vikitazama juu na vingine chini. Kisha wewe ongeza kizibo kimoja mwishoni mwa kila safu, ukihakikisha kwamba vinavyotazama juu katika safu hiyo ni idadi shufwa: 0, 2 au 4. Ukimaliza, ongeza safu ya tano chini kwa kanuni hiyohiyo, nguzo kwa nguzo. Sasa una 25. Geuka ukutani, mwambie mtoto apindue kizibo kimoja tu, chochote. Ukirudi, hesabu. Safu moja itakuwa na idadi witiri, na nguzo moja vilevile. Zinapokutana ndipo penye kosa. Kipindue, umemaliza. Watoto wangu walidhani ni mazingaombwe mpaka nilipowaonyesha hesabu yake.

Kumbuka ulichofanya: vizibo 9 ulivyoongeza havikubeba habari mpya. Vilibeba uhusiano kati ya vile vilivyokuwapo. Na mchezo huu una mpaka wake. Mtoto akipindua viwili, utajua kwamba kuna kosa, lakini hutaweza kuthibitisha ni vipi. Msimbo wowote uko hivyo. Kuna idadi ya makosa unayoweza kuyarekebisha, na idadi kubwa kidogo unayoweza kuyagundua tu. Ikivuka hapo, mambo yameharibika.

Aliyeweka msingi wa kazi hii ni Richard Hamming, aliyekuwa mtaalamu wa hesabu kwenye maabara ya Bell, Marekani. Mashine ya kukokotoa ya wakati ule iliweza kugundua kosa, na mwishoni mwa wiki, pasipo msimamizi, ilipokuta kosa iliiacha kazi yake na kuendelea na ya mtu mwingine. Hamming alikasirika: kama mashine inajua kwamba kuna kosa, kwa nini isijue lilipo ikalirekebisha? Jibu lake alilichapisha mwaka 1950. Kwa kila biti 4 za habari aliongeza 3 za ukaguzi, na kosa lolote moja kati ya hizo 7 liliweza kupatikana na kurekebishwa.

Miaka miwili kabla, mwaka 1948, mwenzake wa maabara hiyohiyo, Claude Shannon, alikuwa amethibitisha jambo lililowashangaza wengi: njia yoyote yenye kelele ina kiwango chake cha juu cha kupitisha habari, na ukikaa chini ya kiwango hicho, inawezekana kupunguza makosa kadiri upendavyo. Alithibitisha kwamba misimbo mizuri ipo. Hakusema itengenezwe vipi. Wahandisi wameitafuta tangu wakati huo.

Mabegi ya safari

Kelele za hewani hazina adabu ya kuharibu biti moja moja. Lori likipita, mtu akisimama mbele ya antena, radi ikipiga, biti nyingi zinazofuatana zinapotea kwa mkupuo. Dawa yake kila familia inayosafiri kwenda likizo inaijua. Mama mwenye busara haweki nguo zote za mtoto mmoja kwenye begi moja. Anachanganya: kila begi lina nguo kidogo za kila mtu. Shirika la ndege likipoteza begi moja, hakuna atakayebaki na nguo alizovaa tu. Mrushaji naye huzichanganya biti kabla ya kuzituma, na kipokezi huzipanga upya. Pengo moja kubwa linageuka kuwa makosa madogo madogo yaliyotawanyika, na hayo msimbo unayaweza.

Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha msimbo unaoshughulikia mafungu ya biti badala ya biti moja moja. Umetumika kwenye santuri za CD, kwenye vyombo vya anga vya Voyager, na hata kwenye ule msimbo wa QR: katika kiwango chake cha juu unasomeka ingawa karibu asilimia 30 yake imechafuka. Katika mojawapo ya mifumo ya kwanza ya televisheni ya dijitali ya dishi, kila pakiti ya baiti 188 ilisindikizwa na baiti 16 za ukaguzi, na king'amuzi kiliweza kurekebisha hadi baiti 8 zilizoharibika. Mtazamaji hakujua kwamba kulikuwa na kosa.

Ndipo tunapata jibu la swali letu. Chenga hazikwenda popote. Bado zinafika kwenye dishi lako kila dakika, na king'amuzi kinazifuta moja baada ya nyingine. Mvua ikizidi, makosa yanaongezeka kimyakimya, na picha inabaki safi vilevile mpaka msimbo unapofika mwisho wa uwezo wake. Hapo inaanguka kwa mara moja, kama mtu aliyefika ukingoni mwa genge gizani. Sisi wauguzi tunawajua wagonjwa wa namna hiyo. Mwili unafidia, unafidia, vipimo vinapendeza, kisha unachoka ghafla. Usafi wa picha haukwambii uko karibu kiasi gani na ukingo.

Kwa wanafunzi niongeze kisa kimoja. Robert Gallager aliandika kuhusu msimbo wake katika tasnifu yake ya udaktari MIT mwaka 1960. Ulikuwa mzuri mno kwa kompyuta za wakati huo, ukawekwa kabatini kwa takriban miaka 30. Mwaka 1993 Claude Berrou na wenzake kutoka Ufaransa waliwasilisha msimbo mwingine uliokaribia mno kikomo cha Shannon, ukaja kutumika kwenye simu za 3G na 4G. Watafiti wakarudi kabatini, wakaukuta wa Gallager. Leo ndio unaolinda data kwenye simu za 5G. Mwanafunzi anayeambiwa na msimamizi wake kwamba kazi yake haina matumizi na akumbuke hilo.

Wodini

Mgonjwa wa moyo kwenye wodi yetu hafungwi kitandani kwa nyaya. Anabandikwa vibandiko kifuani, vinaunganishwa na kijisanduku kidogo mfukoni, na antena zilizofichwa darini zinapokea mapigo yake anapotembea kwenda msalani au kunyoosha miguu. Mimi ninayatazama kwenye skrini ya kituo chetu.

Hewa hiyo ya hospitali ina historia. Mwaka 1998 huko Dallas, kituo cha televisheni kilianza kurusha matangazo ya majaribio ya dijitali kwenye chaneli ambayo ilikuwa haitumiki mjini hapo. Vifaa vya kupima moyo vya hospitali moja vilikuwa vinatumia masafa hayohayo, kwa sababu wakati ule vilipewa nafasi zilizoachwa wazi kati ya chaneli. Skrini zikapoteza wagonjwa. Kituo kilisimamisha majaribio kilipojulishwa, na somo likaeleweka: msimbo hauwezi kumsaidia anayefunikwa na sauti kubwa kuliko yake. Mwaka 2000 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilitenga masafa maalumu kwa vifaa vya hospitali, yakiwemo ya megahezi 608 hadi 614, ambayo kwa sehemu yanatumiwa pia na wanaastronomia wanaosikiliza nyota.

Kinachonivutia zaidi kwenye mashine hizi ni tabia yake zinapozidiwa. Mgonjwa akipelekwa eksirei nje ya eneo la antena, pakiti zinafika zimeharibika au hazifiki. Kila pakiti ina alama ya ukaguzi, na isipolingana, mashine haikisii mapigo. Haichori mstari mzuri wa kunifurahisha. Mchoro unakatika, na maandishi yanatokea kwamba mawimbi hayapatikani. Mara ya kwanza muuguzi mgeni anashtuka. Lakini baada ya muda unaishukuru. Mashine inayokiri kwamba haisikii ni salama kuliko inayojaza pengo kwa kubahatisha. Ikikiri, unainuka kwenda kumtazama mgonjwa kwa macho yako.

Silabi moja ndogo

Simu ya nyumbani haina tabia hiyo, na hili ningependa kila familia ilijue.

Mama yangu anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Ni dawa inayotaka uangalifu: ikipungua, damu inaganda, ikizidi, inavuja. Mwaka jana alipimwa, na majibu yakaonyesha kwamba damu yake imekuwa nyepesi kuliko kiwango walichomwekea. Daktari wake akaandika kwamba usiku ule asimeze, kisha arudi kliniki kesho yake. Dada mkubwa alipata majibu akiwa Dar es Salaam, akanipigia picha karatasi na kunitumia, akaniachia nimjulishe mdogo wetu anayekaa na mama. Si mnajua tena, mimi ndiye muuguzi wa ukoo.

Nikapiga kwa intaneti. Salamu zilipita vizuri. Nikamwambia: "Leo usiku mama asimeze ile dawa ya damu." Kisha nikamwomba, kama tunavyofanya wodini kila tunapopokea agizo kwa simu, arudie nilichosema.

"Sawa dada," akajibu. "Nimekusikia. Leo usiku mama ameze ile dawa ya damu."

Hakuwa amepitiwa, wala hakuwa na haraka. Hicho ndicho simu yake ilichomsomea. Kwenye mazungumzo ya moja kwa moja hakuna muda wa kuomba pakiti iliyopotea irudiwe, kwa kuwa ikifika itakuwa imechelewa. Sauti hukatwa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20. Vichache vikipotea, programu ya simu huvuta sauti iliyotangulia kidogo ili kufunika pengo, masikio yasikerwe. Ukisema "mamangu" na kipande kikapotea, hakuna madhara. Lakini ndani ya "asimeze" maana yote imebebwa na silabi moja, "si". Ikidondoka na pengo likalainishwa, kinachobaki ni neno kamili, sahihi, lenye maana ya kinyume. Hakuna chenga za kukuonya.

Nikamwambia kwa maneno mengine: "Sikiliza, mdogo wangu. Nasema leo aache. Aache kabisa, hata kidonge kimoja." Akarudia: "Aache kabisa." Nikakata simu, nikamwandikia ujumbe uleule. Zikatokea tiki mbili, naye akajibu kwa maandishi. Mama alikwenda kliniki asubuhi, dozi ikarekebishwa.

Kiswahili nacho kina msimbo

Tangu siku ile nimekuwa nikiisikiliza lugha yetu kwa sikio jingine. Sema: "Vidonge vile viwili vyeupe vimebaki." Alama ya wingi imetajwa mara tano. Ikipotea sehemu ya mwanzo, "…donge vile …wili vyeupe vimebaki," bado unajua ni vingi na ni viwili. Upatanisho wa ngeli, unaowatesa watoto wetu wanaojifunza Kiswahili ughaibuni, una faida hii pia: ni biti za ukaguzi ambazo wazee wetu walituwekea bila kumsubiri Hamming. Mtoto akiuliza kwa nini lazima aseme "vyeupe" na si "nyeupe", mpe jibu hilo.

Ila ukanushi wetu haukulindwa hivyo. Ameze na asimeze, ale na asile, aje na asije: silabi moja, na haina mlinzi. Hapo ni juu ya msemaji kuongeza ulinzi.

Ya kufanya nyumbani

Haya ndiyo tunayoyafuata sasa katika familia yetu, na naona yatawafaa wengine.

Kwanza, dozi haipitishwi kwa sauti peke yake. Iandikwe. Ujumbe wa maandishi hukaguliwa njiani, na pakiti ikiharibika hutumwa tena mpaka ifike nzima. Tiki mbili zinakwambia kwamba umefika kwenye simu yake. Hazikwambii kwamba ameelewa, kwa hiyo bado mwombe ajibu.

Pili, mwombe msikilizaji arudie kwa maneno yake. "Umenisikia?" ni swali lisilo na faida, kwa sababu kila mtu anajibu ndiyo. Uliza: "Hebu niambie, utampa nini na saa ngapi?"

Tatu, kukataza kutamkwe kwa kitenzi chenye nguvu. Badala ya "asimeze", sema "aache". Badala ya "msimpe", sema "mnyimeni leo". Kisha ongeza sentensi ya pili yenye maana ileile.

Nne, saa itajwe pamoja na mahali: "saa mbili usiku ya Tanga." Kwa watoto waliokulia huku, andika 20:00 pembeni.

Tano, sauti ikianza kukatika, msivumilie mkaendelea na jambo zito. Zimeni video kwanza, maana picha inakula nafasi kubwa. Sogea karibu na kisanduku cha Wi-Fi au dirishani. Ikishindikana, andikeni.

Na kwa vijana: fani hii iko ndani ya uhandisi wa mawasiliano, na lango lake ni hesabu za uwezekano na aljebra. Huhitaji maabara ili kuanza. Unahitaji karatasi, penseli, na vile vizibo 25. Mlio na wadogo nyumbani, wawekeeni mchezo ule mezani, na wakishaumudu, waambieni wapindue vizibo viwili kwa wakati mmoja waone kinachotokea. Hapo ndipo maswali mazuri yanapoanza.